Padre Georges Lemaître: alipopimwa na wasiosali naye



Leo nataka kuwasimulia habari za padre mmoja wa Ubelgiji, ila kabla sijaanza inabidi nikiri kitu. Mwaka wangu wa mwisho wa falsafa nilikuwa likizo nyumbani, na paroko akaniomba niongee na vijana kwenye semina ya Kwaresima. Mada ilikuwa Imani na Sayansi. Sasa frateri mwenye digrii ya falsafa, unadhani nilijiandaa? Nilijiamini tu. Nikasimama pale mbele nikawaambia kwamba wanasayansi wenyewe wamegundua ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, kwa hiyo Mungu yupo, imeshathibitishwa, kesi imefungwa. Nikapigiwa makofi.

Halafu kijana mmoja anayesoma fizikia chuo kikuu akanyoosha mkono. Kwa adabu kabisa akaniuliza, je, wanasayansi wakigundua kesho kwamba kabla ya huo mlipuko kulikuwa na kitu kingine, imani ya Frateri itakufa siku hiyohiyo? Nilijikanyaga vibaya sana. Nilizungukazunguka na maneno ya Kilatini mpaka mwenyekiti wa vijana akanionea huruma, akaanzisha wimbo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kumtafuta mtu aliyeileta hiyo habari ya mlipuko, nione yeye alisema nini juu ya Mungu. Kumbe ni padre! Na kumbe padre huyo aliwahi kumfikishia Baba Mtakatifu ombi la kutofanya kile nilichokifanya mimi mbele ya vijana wa parokia yangu.

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 katika mji wa Charleroi, mji wa makaa ya mawe na viwanda kusini mwa Ubelgiji. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vioo, ambacho baadaye kiliungua na familia ikahamia Brussels. Georges alisoma kwa Wajesuiti, na alikuwa na umri wa miaka 9 alipoamua kwamba atakuwa padre na atakuwa mwanasayansi. Vyote viwili, si kimoja. Alipotaka kwenda seminari mapema, baba yake alimwambia asubiri, asome kwanza. Basi mwaka 1911 akaingia Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven kusomea uhandisi.

Agosti 1914 Wajerumani wakaivamia Ubelgiji. Georges na mdogo wake Jacques wakajitolea jeshini. Alipigana kwenye mto Yser, na mwaka 1915 alikuwepo karibu na Ypres wakati gesi ya klorini ilipotumiwa kuua watu kwenye mahandaki. Inasimuliwa kwamba alikosa kupandishwa cheo kwa sababu alimwonyesha mwalimu wake wa mizinga kosa la hesabu ndani ya kitabu cha jeshi. Sijui kama mnaiona picha hiyo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, tope mpaka magotini, anamsahihisha afande hesabu! Mahandakini alisoma Maandiko, akasoma pia vitabu vya fizikia vya Henri Poincaré. Alirudi na nishani ya vita, na uhandisi hakuutaka tena.

Akabadilisha masomo kwenda hisabati na fizikia. Na hapa nilifurahi binafsi, maana alichukua pia shahada ya kwanza ya falsafa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino. Yaani ile tunayoisoma sisi, ambayo wengine wetu tunaikariri kwa ajili ya mtihani na kuiacha mlangoni. Mwaka 1920 akapata udaktari wa hisabati chini ya Profesa Charles de la Vallée-Poussin, na mwaka huohuo akaingia seminari ya Mechelen, kwenye nyumba ya miito ya watu wazima, wengi wao wakiwa wametoka vitani.

Askofu wake alikuwa Kardinali Désiré Mercier, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafalsafa. Kardinali aligundua kwamba frateri huyu ana kichwa cha pekee, akamruhusu asome nadharia ya uhusianifu ya Einstein katika muda wake wa ziada, pembeni ya teolojia. Nawaza walezi wangu ningewaomba hivyo! Tarehe 22 Septemba 1923 Mercier akampa daraja ya upadre. Wiki chache tu baadaye Padre Georges alikuwa Cambridge, Uingereza, amevaa kanzu na kola yake, akisoma chini ya Arthur Eddington, mtaalamu wa nyota aliyekuwa amejulikana dunia nzima kwa kuthibitisha nadharia ya Einstein wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1919. Mwaka uliofuata alikuwa Harvard, Marekani. Mwaka 1925 akarudi kufundisha Leuven, na huko ndiko alikofundisha karibu maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitajaribu kuieleza kwa lugha ya jikoni, wanafizikia mtanisamehe.

Mwaka 1917 Einstein alikuwa ametumia milinganyo yake kuueleza ulimwengu mzima. Aliamini, kama karibu kila mtu wakati ule, kwamba ulimwengu kwa ujumla umetulia, haukui wala haupungui. Ili hesabu zikubali ulimwengu uliotulia, aliingiza humo kiwango kimoja maalumu, herufi ya Kigiriki lambda. Padre Lemaître alikaa na milinganyo ileile akaona haikubali kutulia. Mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unapanuka. Si kwamba galaksi zinakimbia angani kama mabasi barabarani, bali nafasi yenyewe iliyo kati yake inavutika. Chukua donge la unga wa maandazi ulilolitia zabibu kavu. Unga ukiumuka, kila zabibu inajikuta iko mbali zaidi na nyingine, na zile zilizokuwa mbali zaidi ndizo zinazoachana kwa kasi kubwa zaidi. Hakuna zabibu iliyotembea. Kilichoongezeka ni unga.

Na hakuishia kwenye nadharia. Alichukua vipimo vya galaksi vilivyokuwepo, akakokotoa uhusiano kati ya umbali na kasi miaka miwili kabla ya Edwin Hubble kuutangaza kule California mwaka 1929. Ila makala yake aliichapisha kwa Kifaransa, katika jarida la chama cha wanasayansi cha Brussels ambalo wakubwa wengi wa Uingereza na Marekani hawakuwa wakilisoma. Ikalala.

Oktoba 1927 Einstein alifika Brussels kwenye mkutano wa Solvay. Alikuwa ameisoma makala. Alimwambia padre kwamba hesabu ziko sawa, lakini kama fizikia, jambo lenyewe ni la kuchukiza. Akamwambia pia kwamba Mrusi mmoja, Alexander Friedmann, alishafikia hesabu zinazofanana na hizo mwaka 1922. Friedmann alikuwa ameshafariki, na Lemaître hakuwahi kumsikia. Jiweke pale, wewe ni padre wa miaka 33 kutoka chuo kisichojulikana sana, na mtu maarufu kuliko wote katika fani yako anakuambia wazo lako linachukiza na tena si la kwanza. Mimi ningerudi parokiani nikafundishe katekisimu.

Yeye aliendelea kufundisha na kukokotoa. Mwaka 1930 Eddington alisikika London akilalamika kwamba hakuna aliyefanyia kazi ulimwengu usiotulia. Lemaître akamwandikia barua, akamkumbusha kwa upole kwamba yeye, mwanafunzi wake wa zamani, alishamtumia kazi hiyo. Eddington aliona aibu, akaitangaza, na mwaka 1931 tafsiri ya Kiingereza ikatoka London. Kuna fumbo hapa lililosumbua watu miaka mingi. Katika tafsiri hiyo sehemu ya hesabu ya mwaka 1927, ile iliyomtangulia Hubble, haikuwemo. Wengine walidhani alihujumiwa. Mwaka 2011 barua ikapatikana kwenye kumbukumbu, ikaonyesha kwamba mtafsiri alikuwa Lemaître mwenyewe. Aliona namba zile zimeshapitwa na vipimo vipya, hakuona haja ya kuzirudia. Hubble akabaki na jina peke yake.

Mwezi Mei 1931 akaenda hatua nyingine, akachapisha barua fupi katika jarida la Nature. Kama ulimwengu unapanuka, basi ukirudi nyuma kila kitu kinakaribiana, mpaka unafika mahali ambapo nguvu yote ya ulimwengu imo ndani ya kitu kimoja. Aliita atomu ya mwanzo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1949, Mwingereza Fred Hoyle, ambaye hakuikubali kabisa nadharia hiyo, aliibatiza redioni jina la Mlipuko Mkuu, na ndilo lililobaki.

Eddington, yuleyule aliyemfundisha na kumtangaza, wazo la mwanzo halikumkaa. Wengine wengi walihisi harufu ya kanzu. Walisema padre anataka kupitisha kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Nakala ya mwanzo ya barua ile ya Nature, iliyopigwa kwa mashine, bado ipo. Mwishoni ina aya fupi inayomtaja Mungu, Mungu ambaye amejificha ndani ya viumbe vyake, na kwamba fizikia inaacha pazia lile mahali pake. Aya hiyo imefutwa kwa kalamu. Aliikata mwenyewe kabla haijachapishwa.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Nikajiuliza, padre anaona aibu kumtaja Mungu mbele ya wasomi? Tunza swali hilo, nitalirudia.

Mwaka 1934 ikaja tuzo. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ya tuzo yenyewe, kwa sababu ya majaji, na kwa sababu ya sisi watu wa upande huu wa dunia.

Tuzo ya Francqui ilikuwa na bado ni heshima kubwa kabisa ya kitaaluma nchini Ubelgiji. Ina jina la Émile Francqui. Wasomaji wetu wa Kongo wanalijua jina hili kwa namna nyingine. Ni mtu aliyekwenda Kongo ya Leopold II akiwa askari kijana, akawa katika msafara wa Katanga wa miaka ya 1891 hadi 1893. Mji wa Ilebo, kwenye mto Kasai, enzi za ukoloni uliitwa Port-Francqui. Baadaye akawa mkuu wa benki ya Société Générale, iliyokuwa na mkono mkubwa katika migodi ya Katanga. Mwaka 1932 yeye na Herbert Hoover, aliyekuwa bado Rais wa Marekani, walianzisha mfuko wa kutuza wasomi wa Ubelgiji. Siwezi kuisimulia sherehe ile kana kwamba jina hilo halina historia. Shaba ya Katanga haikujichimba yenyewe, na waliochimba hawakualikwa Brussels.

Tuzo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1933 kwa mwanahistoria Henri Pirenne. Mwaka uliofuata jina lililopendekezwa likawa la Padre Lemaître. Waliompendekeza walikuwa watatu. Wawili ni wa kwao Leuven, mwalimu wake Vallée-Poussin na Alexandre de Hemptinne. Wa tatu ni Albert Einstein. Ndiyo, yuleyule wa neno la kuchukiza. Katika miaka saba ile vipimo vilikuwa vimeongezeka, wawili hao walikuwa wamekutana California na Ubelgiji, na Einstein alikuwa amekubali kwamba ulimwengu unapanuka.

Sasa tazama majaji. Wa kwanza Eddington, aliyekuwa wa dhehebu la Marafiki, wale ambao Kenya magharibi wanajulikana sana kama Quakers, na ambaye wazo la mwanzo wa ulimwengu hakulipenda. Wa pili Paul Langevin wa Paris, mwanafizikia asiyesali, mtu wa mrengo wa kushoto, ambaye mwezi huohuo wa Machi 1934 alikuwa akianzisha pamoja na wenzake kamati ya wasomi ya kuupinga ufashisti, na baadaye akajiunga na chama cha Kikomunisti. Wa tatu Théophile de Donder, profesa wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, chuo kilichoanzishwa mwaka 1834 na waliberali wasiotaka mkono wa Kanisa katika elimu. Wa nne Marcel Dehalu wa Liège. Ndio waliokaa kumpima padre wa Kikatoliki anayesema ulimwengu una mwanzo.

Nimeliwazia sana jopo lile. Kama padre angekuwa amejenga hoja zake juu ya Biblia, Langevin angemwuliza nini? Kama angejibu pingamizi la Eddington kwa kumwambia kwamba wewe huna imani ndiyo maana huoni, wangeendelea kuongea? Hakuwapa nafasi ya kumkataa kwa sababu ya kanzu, na hakuwahi kuivua kanzu yenyewe. Mbele yao aliweka milinganyo na vipimo, vitu ambavyo Myahudi, Quaker, Mkomunisti na Mkatoliki wanaweza kuvikagua wote kwa penseli ileile. Walikagua. Wakampa.

Tarehe 17 Machi 1934 alipokea tuzo kutoka kwa Mfalme Leopold III. Mfalme mwenyewe alikuwa kijana aliyekalia kiti wiki chache tu, kwa kuwa baba yake, Albert I, alikuwa amefariki mwezi mmoja kamili kabla ya siku hiyo, akianguka kwenye miamba aliyokuwa akiipanda. Nchi ilikuwa bado kwenye msiba.

Siku hizi kuna Tuzo ya Templeton, inayowapa heshima watu wanaoshughulika na maswali makubwa ya roho na ulimwengu, na majaji wake wametoka katika dini mbalimbali, sayansi na maisha ya umma. Ilianza mwaka 1973, na wa kwanza kuipata alikuwa Mama Teresa wa Calcutta. Mwaka 2008 ilikwenda kwa padre wa Poland, Michał Heller, mtaalamu wa fani ileile ya Lemaître. Lemaître hakuipata, alishafariki. Lakini nadhani jopo lile la 1934 lilikuwa gumu zaidi, maana halikukutana kumheshimu mtu wa dini. Lilikutana kuangalia kama amekosea.

Mwaka 1936 Papa Pius XI alianzisha Akademia ya Kipapa ya Sayansi, akamweka Lemaître kati ya wanachama wa kwanza, pamoja na watu kama Niels Bohr na Max Planck ambao hawakuwa Wakatoliki. Ilikuwa karibu sura ileile, ila safari hii mwenyeji alikuwa Papa.

Na ni mbele ya Akademia hiyo ndipo lilipotokea jambo lililoninyima usingizi. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba ndefu akieleza jinsi sayansi ya siku zile inavyoelekea kushuhudia lile tukio la kwanza la uumbaji. Magazeti yalifurahi, Wakatoliki walishangilia, wanasayansi wengine wakacheka. Karibu kabisa na semina yangu ya Kwaresima, tofauti ni kwamba yeye alikuwa amejiandaa.

Padre Lemaître hakushangilia. Alikuwa mtii, alimpenda Papa, lakini aliona hatari mbili. Nadharia yake ilikuwa bado inagombaniwa. Namba za wakati ule zilikuwa mbaya. Kasi ya upanukaji iliyokokotolewa na yeye mwaka 1927 ilikuwa karibu mara 9 ya inayokubalika leo, na kwa kipimo kikubwa hivyo umri wa ulimwengu ulitoka mdogo kuliko umri wa mawe ya dunia. Ukimtundika Mungu kwenye nadharia kama hiyo, siku msumari unang'oka, unaanguka na nani? Na hatari ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ila hiyo ni ya kifalsafa. Akapitia Roma, akaongea na Mjesuiti Daniel O'Connell, mkurugenzi wa kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, aliyekuwa karibu na Papa. Septemba 1952 Pius XII alipohutubia wanajimu wa dunia nzima waliokutana Roma, jambo lile hakulirudia.

Hiyo hatari ya kifalsafa nilikuwa nayo kwenye daftari langu! Mtakatifu Thoma alifundisha waziwazi kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo wa wakati. Hilo tunalijua kwa imani. Kwa Thoma, kuumbwa si tukio la sekunde ya kwanza tu. Ni kutegemea. Hata kama ulimwengu ungekuwepo siku zote bila mwanzo, bado ungekuwa unaning'inia kwa Mungu kila dakika, kama sauti inavyomtegemea anayeimba, akinyamaza nayo imekwisha. Kwa hiyo mwanzo ule anaoutafuta mwanafizikia kwenye hesabu zake, na uumbaji tunaoukiri kwenye Kanuni ya Imani, si kitu kimoja. Yule kijana wa fizikia aliniuliza swali ambalo Thoma alishalijibu karne ya 13, na nililipatia maksi nzuri kwenye mtihani. Nikalisahau jukwaani kwa sababu makofi yalikuwa matamu.

Sasa ile aya iliyofutwa kwa kalamu. Siisomi tena kama aibu. Alimwamini Mungu aliyejificha, yule anayetajwa na nabii Isaya, na hakutaka kumfanya awe nambari ndani ya mlinganyo. Wakati uleule alisali Breviari kila siku na kuadhimisha Misa, na alikuwa katika udugu wa mapadre walioitwa Marafiki wa Yesu, wenye nadhiri na saa zao za kuabudu, jambo ambalo wenzake wengi wa chuoni hawakulijua. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti kubwa, mpenda kinanda na chakula kizuri. Kama mwalimu, wanafunzi wanakumbuka kwamba alikuwa hana mpangilio sana ubaoni. Nashukuru kwa kasoro hiyo, inanipa moyo.

Vita ya pili ilimpiga naye. Mei 1940 alijaribu kukimbia na wazazi wake kuelekea pwani ya Ufaransa, njia ikafungwa, wakarudi. Mwaka 1944 mabomu yaliharibu nyumba aliyokaa Leuven. Uzeeni akapenda mashine za kukokotoa, na mwaka 1958 akakiletea chuo chake kompyuta ya kwanza. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya rais wa Akademia. Wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano aliombwa kuingia katika tume ya kuchunguza masuala ya uzazi. Akaomba udhuru. Afya haikuruhusu, na zaidi ya hapo alimwambia padre mwenzake kwamba ni hatari mwanahisabati kujitosa nje ya fani yake.

Desemba 1964 alipata mshtuko wa moyo, kisha ikaja saratani ya damu. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walitangaza kwamba antena yao inanasa mnong'ono hafifu wa mionzi kutoka kila upande wa mbingu, bila kukoma. Ulikuwa ni joto lililobaki la ule mwanzo wa moto. Juni 1966 rafiki na msaidizi wake, Odon Godart, alimpelekea habari hiyo hospitalini, kitandani. Alifurahi. Tarehe 20 Juni 1966 akafariki, akiwa na umri wa miaka 71, akazikwa Marcinelle, karibu na Charleroi alikozaliwa.

Kulikuwa na jopo jingine bado. Mwaka 2018 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Unajimu, watu wa kila dini na wasio na dini, walipiga kura kama ile kanuni ya Hubble iitwe sasa kanuni ya Hubble na Lemaître. Asilimia 78 walikubali. Hata ile lambda ambayo Einstein aliitupa na padre akaing'ang'ania ilirudi mwaka 1998, wanasayansi walipoona kwamba upanukaji unaongeza mwendo.

Nilimtafuta yule kijana wa fizikia. Nilimwandikia WhatsApp ujumbe mrefu, nikaomba radhi kwa majibu ya siku ile, nikamweleza ya Thoma na ya Lemaître. Alijibu usiku wa manane. Alisema ameelewa, asante sana Frateri, ila ana swali jingine dogo: hiyo lambda, hasa ni kitu gani? Nilianza kuandika jibu. Nikafuta. Nimemwelekeza kwa padre mmoja wa jimbo letu anayefundisha fizikia, wanakutana Jumamosi, na mimi nimeomba ruhusa niende kusikiliza.

Tuombeane.